Kanzu ya Kila Mwaka

Mwezi huu nimeona tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku: kumtazama mtoto anavyokua. Labda utasema, "Hilo nalo ni la kufundishwa?" Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka mwanangu wa tatu aliponionyesha kwamba mama anaweza kukaa na mtoto nyumba moja, akamwogesha, akamlisha, akambeba mgongoni, na bado asimwone.

Fungua Biblia yako katika 1 Samweli 2:19. Hapo tunasoma habari za Hana, aliyemwacha mwanawe Samweli kwa kuhani Eli kule Shilo. Kila mwaka, alipopanda na mumewe kwenda kutoa dhabihu, alimpelekea mtoto kanzu ndogo aliyomshonea. Wewe unayejua kushona, jiulize: kipimo alikipata wapi? Kanzu ya mwaka jana haimfai mtoto mwaka huu. Wala hakuweza kupima kwa watoto wa Penina waliokuwa nyumbani, kwa maana Samweli hakuwa mtoto wa Penina. Ilimpasa Hana amtazame mwanawe vizuri zile siku chache alizokuwa naye, aone bega limefika wapi na mkono umerefuka kiasi gani.

Basi, dada zangu, sisi akina mama tuna makosa mawili. La kwanza ni kumkatia mtoto wetu kanzu kwa kipimo cha mtoto wa mwenzetu. La pili ni kukata bila kupima kabisa. Mimi niliyafanya yote mawili, tena kwa mtoto mmoja.

MTOTO WA WIFI YANGU

Binti yangu wa kwanza alitembea akiwa na miezi kumi. Wa pili alitembea alipokaribia mwaka. Wa tatu, mvulana, alizaliwa juma moja na binti wa wifi yangu, nasi tulikaa mtaa mmoja. Tulikwenda kliniki pamoja, tukasali kanisa moja, na watoto wetu walilazwa kwenye mkeka mmoja siku za ushirika wa akina mama.

Binti wa wifi alisimama akiwa na miezi tisa, na alipofika miezi kumi na moja alikuwa anatembea. Mwanangu alikaa tu pale mkekani kama mzee wa baraza, anacheka na kila mtu, wala hana haraka. Hata kutambaa hakutambaa kama wengine. Alisota kwa makalio. Wifi hakunitamkia neno baya hata siku moja. Aliuliza tu, "Wifi, bado hajasimama?" Lakini mimi moyoni nilisikia kama natukanwa. Ikafika siku nikawa nampakata muda wote wa ibada ili asiwekwe chini karibu na binamu yake, watu wasije wakalinganisha.

Mama mkwe, kwa upendo wake, alimchimbia kishimo mchangani uani, akamsimamisha humo apate nguvu za miguu. Jirani akaniazima kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto hutumbukizwa ndani akakisukuma kwa miguu. Nilifurahi sana, kwa kuwa sasa mwanangu naye "alitembea". Siku ya tatu alikwenda nacho moja kwa moja mpaka kwenye jiko la mkaa lililokuwa na sufuria ya maharage. Dada yake mkubwa ndiye aliyemdaka. Jioni ile ile nilikirudisha kigari kwa mwenyewe. Baadaye nilijifunza kuwa vigari vile havimfundishi mtoto kutembea, na kwa sababu ya watoto walioumia, nchi ya Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Mwanangu alitembea akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Ilikuwa Jumamosi, mimi nachambua mchele, na hakuna aliyekuwa na habari naye. Kuku alipita karibu akidonoa chenga. Mtoto akashika ukuta, akainuka, akauachilia, akamfuata kuku hatua nne, kisha akaketi. Nilimwaga ungo mzima wa mchele.

KAWIA UFIKE

Wazee walisema: kawia ufike. Nami nataka mama yeyote mwenye mtoto asiyetembea ajue mambo haya, kwa kuwa yangenipunguzia machozi mengi.

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo. Walikuta kwamba watoto waliweza kuketi bila kuegemezwa wakati wowote kati ya miezi 4 hivi na miezi 9. Kutembea peke yao bila kushikwa kulianza kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Tazama tofauti hiyo: karibu miezi kumi kati ya wa kwanza na wa mwisho, na wote ni wazima! Tena katika kila watoto 100, wapatao 4 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata mara moja. Mwanangu alikuwa mmoja wa namna hiyo, nami nilikuwa nimekesha nikimwombea kana kwamba ni mgonjwa.

Ikiwa mtoto wako alizaliwa kabla ya wakati, mhesabie umri tangu siku ambayo angalizaliwa kama mimba ingetimia, na ufanye hivyo mpaka afikishe miaka miwili. Aliyetangulia miezi miwili si haki kumpima sawasawa na aliyekaa tumboni miezi yote tisa.

Hata meno yana ratiba yake. Wengi huota jino la kwanza karibu na miezi sita, lakini wapo wanaofikisha mwaka wakiwa na ufizi mtupu. Ifikapo miaka mitatu hivi, meno yote 20 ya utotoni huwa yametoka. Zamani, katika baadhi ya makabila yetu, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi, hata wengine wakaondolewa uhai. Tumshukuru Mungu kwa Injili iliyotutoa huko. Lakini mpaka leo wapo akina mama wanaoambiwa, mtoto mchanga akiharisha na kuchemka mwili, kwamba ana "meno ya plastiki" yanayopaswa kung'olewa. Mama, usikubali! Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi ni meno ya chonge ambayo hayajatoka. Wanaoyachokoa kwa kisu au waya wa baiskeli humwachia mtoto kidonda, pepopunda, hata kifo, na ule ugonjwa uliomharisha unabaki bila dawa. Mtoto anayeharisha apewe maziwa ya mama na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na apelekwe zahanati.

"WA KIUME HUCHELEWA KUSEMA"

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ndilo linaloniuma.

Baada ya yule kuku, nilijiona mwanafunzi aliyehitimu. Nilisema sitahangaika tena na mtoto huyu. Kila jambo atalifanya kwa wakati wake. Alipofika mwaka na nusu bila neno hata moja, nilicheka. Alipofika miaka miwili, binamu yake anaimba nyimbo za Jumapili na kutumwa dukani kwa maneno, mwanangu alikuwa anavuta nguo na kuonyesha kwa kidole. Baba yao aliniambia, "Mama watoto, twende tukamwonyeshe daktari." Nikamjibu, "Hata kutembea alichelewa. Wa kiume huchelewa kusema." Wanawake wenzangu kanisani wakaniunga mkono. Kila mmoja alikuwa na shangazi au mjomba aliyenyamaza mpaka miaka minne, akaja kuwa mwalimu.

Tulikuwa na binti aliyenisaidia kazi za nyumbani, msichana mpole aliyetoka kijijini. Jioni moja, anakosha vyombo, aliniambia kwa woga, "Mama, huyu mtoto akinipa mgongo, haniitikii. Akiniona uso ndipo anaitika." Nilimkemea. Nilimwambia aangalie kazi yake, watoto nimewazaa mimi. Hakusema tena.

Lakini neno lake lilinikosesha usingizi. Asubuhi mwanangu alikuwa amekaa kizingitini anacheza na vifuniko vya chupa. Nikasimama nyuma yake, hatua tatu hivi, nikamwita kwa jina. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti kubwa zaidi. Aliendelea kupanga vifuniko vyake. Nikapiga sufuria kwa mwiko, na hapo ndipo alipogeuka, akaniona, akatabasamu kama kawaida yake.

Dada zangu, nilikaa chini pale pale. Ndipo nilipokumbuka kuwa alipokuwa na mwaka mmoja, baada ya mafua makali, masikio yake yalitoa usaha kwa majuma mengi. Nilikuwa nikiyatia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, kama nilivyoona wengine wakifanya. Usaha ulikuwa ukikoma, ukirudi, ukikoma, mpaka nikauzoea.

Hospitalini daktari alimchunguza kwa kurunzi yake ndogo, akasema ngoma za masikio yote mawili zimetoboka na bado kuna uchafu ndani. Mtoto alikuwa anasikia kidogo sana, kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba. Angewezaje kusema maneno ambayo hakuyasikia? Daktari hakunigombeza. Alinionyesha tu namna ya kukausha sikio kwa kutumia kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, kisha kutia matone ya dawa, mara kadhaa kwa siku, na akanikataza mafuta kabisa. Tulifanya hivyo kwa majuma mengi, tukirudi kila tulipoagizwa.

Sikio la kulia lilipona, na ngoma yake ikajifunga. La kushoto mpaka leo ni zito. Kwa miezi mitatu tulikuwa tukimwekea uso karibu na kumtajia kila kitu: maji, kikombe, paka, mwezi. Na neno lake la kwanza lililoeleweka halikuwa "mama". Alisimama mlangoni akamwita yule binti aliyekuwa anafua uani: "Dada!" Binti akaacha nguo kwenye beseni, akaja mbio, akalia. Nami nikalia, kwa sababu nilijua kwa nini lilikuwa lake na si langu. Usiku ule nilimwomba msamaha mbele ya baba watoto.

Leo mwanangu yuko darasa la pili. Anakaa dawati la mbele, sikio la kulia likimwelekea mwalimu. Anasoma vizuri. Lakini miezi ile niliyosema "wa kiume huchelewa" haikurudi, na lile sikio la kushoto hunikumbusha kila ninapomwita.

ISHARA ZA KUTONGOJA

Je, mama atajuaje kuchelewa kwa kawaida na kuchelewa kunakohitaji daktari? Kata ukurasa huu uubandike ndani ya kadi ya kliniki. Mpeleke mtoto akachunguzwe ukiona mojawapo ya haya:

Amefika miezi mitatu, na bado hatabasamu anapoona uso wa mtu anayemchekea, wala hafuati kwa macho.

Amefika miezi sita, na hageuki kutafuta sauti inakotoka, au kichwa bado kinalegea.

Amemaliza miezi tisa, na hawezi kuketi bila kuegemezwa.

Amefika mwaka na nusu, na hajatembea, au hana neno hata moja lenye maana.

Amefika miaka miwili, na haunganishi maneno mawili, kama "mama maji" au "baba njoo".

Sikio linatoa usaha, hata kama halimuumi. Likizidi siku 14 hilo ni tatizo sugu, lakini usingoje siku hizo zitimie.

Na katika umri wowote: aliyekuwa anaweza jambo akaacha kuliweza. Aliyesema akanyamaza, aliyesimama akashindwa, huyo asilale nyumbani kwa ushauri wa majirani.

Kwenda kukaguliwa na kuambiwa "mtoto ni mzima" si aibu wala si hasara. Hasara ni ile niliyoipata mimi.

TUFANYEJE BASI?

Kwanza, tusiache kliniki. Wengi wetu hupeleka mtoto mpaka chanjo ya surua ya miezi tisa, kisha kadi inawekwa chini ya godoro. Lakini hapa Tanzania, na hata kwa jirani zetu Kenya, chanjo ya pili ya surua hutolewa akiwa na miezi 18. Tena kupimwa uzito kunaendelea mpaka miaka mitano. Kwa kawaida mtoto huongeza uzito aliozaliwa nao mara mbili karibu na mwezi wa tano, na mara tatu anapofika mwaka. Aliyezaliwa na kilo 3 awe na kilo 9 hivi siku ya kutimiza mwaka. Kila unapotoka kwenye mizani, usiangalie mtoto wa jirani ana kilo ngapi. Angalia mstari wa mtoto wako: je, unapanda? Ukilala au ukishuka, muulize muuguzi kabla hujaondoka.

Pili, nunua daftari la kawaida, kila mtoto na kurasa zake. Andika tarehe na alichofanya: leo amegeuka kitandani, leo amepiga makofi, leo amemfuata kuku. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya. Luka anatueleza kwamba mama yake Bwana wetu aliyaweka moyoni mambo ya mwanawe, na tukisoma Luka 2:52 tunaona kwamba hata yeye Mwana wa Mungu alikua hatua kwa hatua, kimwili na kiakili. Kama Yesu hakuruka hatua, kwa nini tumlazimishe mtoto wetu kuruka?

Tatu, tuwasikilize wanaokaa na mtoto. Baba yao, bibi yao, dada zao, yaya anayeshinda naye tangu asubuhi tukiwa kazini au sokoni. Mungu anaweza kutuonyesha jambo kupitia kwa yule tunayemlipa mshahara mdogo kuliko wote. Kiburi cha "nimewazaa mimi" kilinigharimu.

Nne, tuoneane huruma. Unapokutana na mwenzako ambaye mtoto wake amechelewa, usimwulize kila Jumapili kama amesimama. Lakini pia usimpe faraja ya bure ili mazungumzo yaishe. Ukiona jambo, mwite pembeni, mweleze kwa upole, na ikibidi msindikize hospitali. Wifi yangu ndiye aliyenisindikiza mara ya pili, amembeba mwanangu mgongoni kwake, wala hakuniambia neno juu ya miezi yote ile niliyomkwepa kwa ajili ya wivu.

Mama mpendwa, usiku wa leo watoto wakiisha kulala, chukua taa uende ukawatazame mmoja mmoja. Tazama miguu imefika wapi kwenye kitanda. Yule uliyemshonea gauni la Pasaka, gauni limekuwa fupi. Usimpime kwa dada yake, wala kwa mtoto wa mchungaji. Mpime yeye mwenyewe, kama Hana, aliyelazimika kupima upya kila mwaka kwa sababu mtoto wa mwaka jana hakuwapo tena.

Tuombe: Ee Bwana, uliyetukabidhi watoto hawa, utuondolee wivu unaotufanya tuwatazame watoto wa wengine, na uvivu unaotufanya tusiwatazame wa kwetu. Utupe macho ya kuona mapema, na unyenyekevu wa kuambiwa. Amina.

Mpaka mwezi ujao, Mungu aibariki nyumba yako.